Jiwe Lililolowa: Jinsi Mvua Ilivyoifundisha Upya Baiskeli ya Milimani

Ukiingia dukani kununua baiskeli ya milimani, mazungumzo huanzia kwenye fremu. Alumini au kaboni? Springi mbele tu, au mbele na nyuma? Gia ngapi? Tairi hutajwa mwisho, na mara nyingi hazitajwi kabisa. Zimekuja na baiskeli, basi, yameisha.

Leo tuanze upande wa pili, kule chini kabisa ambako raba inagusa jiwe. Eneo hilo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani: kwa kila tairi halizidi sana ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Breki zako, kona zako na meno yako ya mbele vyote vinategemea visanduku viwili vya kiberiti. Kwenye barabara kavu hilo halimsumbui mtu. Kwenye njia ya mlimani yenye mawe, mvua imenyesha tangu alfajiri, hilo ndilo suala lenyewe.

Hoja yetu ni moja. Baiskeli ya milimani tunayoijua ilizaliwa mahali pakavu, kwenye vumbi. Ilipofika kwenye milima ya mvua ilibidi ifundishwe upya, na somo lenyewe lilikuwa la raba na upepo kuliko la fremu. Tutalifuatilia somo hilo zaidi huko Uingereza, kwa kuwa milima ya Wales, ya Uskoti na ya kaskazini mwa England ina vitu viwili kwa wingi: mawe na mvua.

Raba inapewa upepo

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, haulainiki na kunata tena wakati wa joto wala haukakamai wakati wa baridi. Bila hatua hiyo hakuna tairi. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alisajili hataza ya gurudumu lililozungushiwa mfuko wa raba wenye hewa. Alilijaribu kwenye magari ya farasi jijini London, na ikaonekana kwamba gari linavutika kwa nguvu kidogo zaidi, hasa kwenye barabara mbovu. Lakini baiskeli za kuendesha kwa pedali zilikuwa bado hazijaenea, na raba ilikuwa ghali. Wazo likalala.

Liliamka Belfast mwaka 1888. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, alimtengenezea mwanawe tairi za upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Willie Hume aliingia mashindanoni mjini humo na tairi za aina hiyo, akawaacha nyuma wenzake waliokuwa na raba ngumu. Baadaye hataza ya Dunlop ilifutwa, kwa kuwa ilionekana Thomson alishatangulia. Lakini jina la Dunlop ndilo lililobaki ubavuni mwa tairi.

Tukio hilo lina fundisho ambalo watu wamelisahau na kulikumbuka tena mara kadhaa. Akili ya kawaida inasema kitu kigumu kinabingirika vizuri kuliko kitu laini. Ni kweli, kama ardhi ni laini kama kioo. Ardhi yenye kokoto ni habari nyingine. Gurudumu gumu likikuta kokoto halina njia ila kulipanda, yaani baiskeli na mtu wake wote wananyanyuliwa, na nguvu ya kuwanyanyua inakatwa kwenye mwendo. Tairi ya upepo inalimeza kokoto: inabonyea pale tu, mwendesha baiskeli anaendelea na safari yake.

Kisha kila mtu Ulaya na Marekani akataka tairi, na raba ilibidi itoke mahali. Nyingi ilitoka misitu ya Amazon. Nyingine ilitoka Congo, ambayo wakati huo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitawala kama shamba lake binafsi. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta. Walioshindwa walipigwa viboko, wake zao walishikwa mateka, na wapo waliouawa na waliokatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, ilitoka mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Congo kwa serikali ya Ubelgiji. Historia ya tairi inayoanza na daktari wa mifugo na kumalizikia kwenye kikombe cha ushindi, bila kupita misituni huko, ni nusu ya historia.

Waliosukuma kuliko walivyopanda

Watu walipeleka baiskeli milimani zamani sana kabla ya mtu yeyote kutunga jina la "baiskeli ya milimani". Machi 1919, Walter MacGregor Robinson, aliyeandika kwa jina la Wayfarer, alivuka milima ya Berwyn kaskazini mwa Wales na wenzake wakati theluji imeifunika njia. Makala yake kuhusu safari hiyo, kwenye jarida la *Cycling*, iliwatia hamu wasomaji wengi. Mwaka 1955 waendesha baiskeli wapatao 40 walikutana kwenye baa ya Black Swan mjini Leominster wakaanzisha chama cha Rough-Stuff Fellowship, cha watu wanaopenda njia zisizo na lami.

Hawa walikuwa wagumu, lakini vyombo vyao vilikuwa vya barabarani: tairi nyembamba, zimejazwa upepo mpaka zinalia zikipigwa kucha. Kwenye mawe yaliyolowa tairi ya namna hiyo inafanya kama kisigino cha kiatu kipya juu ya sakafu yenye sabuni. Kwa hiyo walishuka, wakasukuma, wakabeba begani. Hawakuona aibu, kusukuma kulikuwa sehemu ya safari. Ila swali lilibaki pale pale: je, kuna baiskeli inayoweza kupandwa mahali hapo?

Kuzaliwa kwenye vumbi

Jibu lililojulikana dunia nzima lilitoka mbali, California. Miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, jirani na San Francisco, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu za Schwinn zenye tairi nene za zaidi ya inchi 2. Schwinn walianza kuuza tairi hizo miaka ya 1930, kwa ajili ya watoto wa mitaani. Vijana walizipandisha Mlima Tamalpais na kuziteremsha kwa kasi.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza kwenye njia waliyoiita Repack. Njia hiyo inashuka takriban mita 400 ndani ya kilomita zisizofika 3.5. Jina lake lina sababu ya kifundi. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zile za kukanyaga pedali kinyumenyume. Mpaka kufika chini, kitovu kimechemka, grisi yote imegeuka moshi, na fundi hana budi kukifungua na kupaka grisi upya. "Repack" maana yake ni hiyo: kujaza upya.

Mambo yakaenda mbio. Joe Breeze alimaliza baiskeli yake ya kwanza iliyoundwa maalumu kwa mlima mwaka 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey, wakaiita MountainBikes. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi, na baada ya hapo dunia nzima ikafuata.

Sasa tuangalie hali ya hewa. Marin hukaa miezi mingi ya kiangazi bila mvua ya maana. Njia zake wakati huo ni vumbi na changarawe. Baiskeli iliyozaliwa hapo ilirithi mambo ya kwao: gurudumu la inchi 26, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye Schwinn za kuokota, breki za kubana ringi, nafasi ndogo kati ya tairi na fremu, mkao wa kuinamia mbele. Hakuna kosa lolote hapo, pakavu. Mvua ikiingia, kila kipengele kati ya hivyo kinaanza kudai. Breki za kubana ringi zinapoteza nguvu nyingi ringi ikilowa, na mchanga unaong'ang'ania kwenye raba za breki unaisugua ringi kama msasa. Tope linaziba nafasi ndogo ya fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Mtu wa tope

Wakati huo huo, Uingereza, mtu mwingine alikuwa akilifanyia kazi tatizo hilo hilo kwa kuanzia na mvua. Anaitwa Geoff Apps, na aliishi Buckinghamshire, eneo la vilima vyenye tope zito. Alichokitazama ni pikipiki za mchezo wa kupita kwenye vikwazo, ambazo huenda polepole juu ya mawe na magogo kwa tairi zenye upepo kidogo. Mwaka 1979 alikuwa na baiskeli yake ya kwanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliziuza chache chini ya jina la Cleland.

Kwa macho ya wakati ule zilikuwa na sura ya ajabu. Mwendeshaji alikaa wima. Pedali zilikuwa juu sana, zisigonge mawe. Breki zilifungiwa ndani ya vitovu, mbali na maji na tope. Na tairi zilitoka Finland: Hakkapeliitta za kampuni ya Nokia, ndiyo, hao hao waliokuja kutengeneza simu, zilizoundwa kwa ajili ya theluji. Apps alizipanda zikiwa na upepo mdogo, wakati wengine waliamini upepo mdogo ni uvivu wa kupiga pampu.

Hapa kuna jambo ambalo linastahili kusemwa polepole. Tairi za Kifini zilikuja kwa vipimo ambavyo baiskeli za California hazikuvitumia. Moja ilikaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 584, nyingine milimita 622. Apps aliwaandikia Fisher na Kelly kule Marin, akawatumia tairi kubwa za 622 wazijaribu. Walizipenda, lakini tairi zenyewe hazikupatikana kwa uhakika, wakati za inchi 26, yaani milimita 559, zilijaa kila duka. Kwa hiyo 559 ikatawala kwa miaka zaidi ya 20. Cleland ilifunga shughuli mwaka 1984, ikishindwa kupata vipuri. Mwishoni mwa mwaka huo huo, binamu wawili wa Uingereza, Nick na Dick Crane, walifikisha baiskeli za milimani hadi kilele cha Kilimanjaro, wakizibeba sehemu kubwa ya njia. Baiskeli ya milimani ilikuwa imeshakuwa mashuhuri, lakini ilikuwa ile ya California.

Leo ukiingia dukani utauziwa magurudumu ya inchi 27.5 au ya inchi 29. La inchi 27.5 ni milimita 584. La inchi 29 ni milimita 622. Kumbe vipimo vyote viwili ndivyo vile vya tairi za theluji alizozitumia mtu wa tope.

Faida ya gurudumu kubwa kwenye mawe haihitaji hesabu ndefu. Kadiri gurudumu linavyokuwa kubwa, ndivyo linavyokutana na ukingo wa jiwe kwa mteremko mpole zaidi. Waulize wanaopakia mikungu ya ndizi kwenye Phoenix. Gurudumu lake la inchi 28 kwa 1½ linakaa kwenye ringi ya milimita 635, kubwa kuliko hata la 29, na linavuka mashimo ambayo baiskeli ya mtoto inaingia yote.

Kwa nini jiwe lililolowa linateleza?

Tuweke historia pembeni kidogo, tuingie maabara. Fizikia ya sekondari inatufundisha kwamba nguvu ya msuguano haitegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Kwa mbao na chuma, sawa. Raba haifuati sheria hiyo vizuri, na ndiyo maana inahitaji maelezo yake.

Raba hushika ardhi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunata. Raba inapolala juu ya jiwe kavu, molekuli zake zinavutana na za jiwe, na lazima mvutano huo uvunjwe ndipo tairi iteleze. Njia hii inataka raba na jiwe vigusane hasa. Maji yakikaa katikati, hata utando mwembamba tu, kunata kunapungua sana. Utando wa mwani juu ya jiwe ni mbaya zaidi, na mzizi wa mti uliolowa ni mbaya kupita vyote.

Njia ya pili haijali sana maji. Uso wa jiwe una vinundu vidogo. Raba inayosukumwa juu yake inabonyezwa na kila kinundu, halafu inarudi ilivyokuwa. Kama ingerudi papo hapo, ingeusukuma upande wa nyuma wa kinundu kwa nguvu ile ile iliyotumika kubonyezwa upande wa mbele, na faida ingekuwa sifuri. Lakini raba nyingine hurudi polepole. Bonyeza mpira wa tenisi, halafu bonyeza godoro la sponji: mpira unakurudishia mkono, sponji inanyanyuka kwa kusitasita. Nishati inayopotea kwenye kusitasita huko hugeuka joto, na inakatwa kwenye mwendo wa kuteleza. Wanasayansi huita tabia hiyo histeresisi.

Mwaka 1958, J. A. Greenwood na David Tabor wa Cambridge walichapisha utafiti uliolionyesha jambo hili waziwazi. Walitelezesha vitu vigumu vya duara na vya ncha juu ya raba iliyopakwa kilainishi, yaani kunata kumeondolewa makusudi. Msuguano uliobaki ulilingana na nishati inayopotea raba inapobonyea. Maana yake kwa mtu wa njia ya mlimani ni hii: mvua ikishaondoa kunata, kinachokushikilia ni uzembe wa raba yako kurudi. Tairi inayodundadunda vizuri ni tairi ya siku kavu.

Hilo pia linaeleza kwa nini mawe hayafanani. Jiwe la mchanga lenye chembe kubwa, kama la wilaya ya Peak nchini England au la Torridon nchini Uskoti, lina vinundu vingi, na raba laini inalishika hata mvua ikinyesha. Slati ya kaskazini mwa Wales ni bapa, na ikilowa huipi raba kitu cha kung'ang'ania. Hapo hakuna tairi itakayokuokoa kikamilifu. Punguza mwendo, nyoosha baiskeli, usishike breki katikati ya bamba la jiwe.

Nyembamba au pana?

Miaka ya 1990 waendesha baiskeli wa Uingereza walikuwa na imani moja kubwa: mvua ikija, funga tairi nyembamba. Panaracer Trailraker ilikuwa kipenzi cha msimu wa tope. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Tairi nyembamba inalikata tope laini mpaka inafika ardhi ngumu iliyo chini, na haikusanyi udongo mwingi ndani ya fremu.

Tatizo ni kwamba tope na jiwe vinadai mambo yanayopingana. Tope linataka kashata, yaani vile vinundu vya tairi, ziwe ndefu na ziachane ili udongo udondoke. Ukiipeleka kashata ndefu, nyembamba, juu ya jiwe tupu, inajikunja na kulala upande, na baiskeli inayumba kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu kwenye kokoto. Juu ya jiwe kashata zinatakiwa ziwe za urefu wa wastani, nene kwenye shina, na za raba laini. Zaidi ya hapo, jiwe halina ardhi ngumu ya kuitafuta chini yake. Lenyewe ndiyo ardhi ngumu. Kwa hiyo upana unashinda.

Njia zenyewe nazo zilibadilika. Msitu wa Coed y Brenin, Wales, ulianza miaka hiyo kujengewa njia maalumu za baiskeli za milimani. Zilijengwa kwa mawe makusudi, kwa sababu njia ya udongo chini ya mvua ya Wales inageuka mfereji baada ya msimu mmoja. Misitu mingine ya Uingereza ikaiga. Matokeo yake, mtu wa kawaida aliyetoka mjini Jumamosi alikutana na mawe mengi yaliyolowa kuliko tope, akiwa na tairi alizonunua kwa ajili ya tope.

Watengenezaji wakaanza kuuza ulaini. Ugumu wa raba hupimwa kwa kipimo cha Shore, ambapo namba ndogo ni laini zaidi. Tairi ya kawaida ilikuwa karibu 60. Maxxis walitoa raba waliyoiita Super Tacky yenye namba 42, ya kurudi polepole, na wapanda mbio za kuteremka mlima wakaikimbilia. Bei yake ilijulikana tangu mwanzo: inaisha haraka, na wakati wa kupanda inakuvuta nyuma. Nishati inayopotea ikikushikilia kwenye jiwe ndiyo hiyo hiyo inayopotea ukikanyaga pedali. Fizikia haitoi zawadi.

Tyubu inatoka

Kilichobaki ni upepo. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 90, na tuseme gurudumu la mbele linabeba kilo 36. Upepo wa psi 40 ni karibu kilo 2.8 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: 36 kwa 2.8 ni kama sentimita za mraba 13. Shusha mpaka psi 22, yaani kilo 1.55, na eneo linakuwa kama sentimita za mraba 23. Ni makadirio, kwa sababu kuta za tairi nazo hubeba uzito kidogo. Lakini umeona: bila kununua chochote, raba inayogusa jiwe imeongezeka kwa zaidi ya nusu, na inajifinyanga kufuata umbo la jiwe badala ya kuruka juu yake.

Basi kwa nini watu hawakushusha upepo tangu zamani? Kwa sababu ya tyubu. Tairi yenye upepo mdogo ikigonga ukingo wa jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka mara mbili, kushoto na kulia. Kila aliyewahi kuziba pancha kwenye mvua, vidole vimekufa ganzi, anajua kwa nini alijaza mpaka psi 40.

Mwaka 1999 Mavic, pamoja na Hutchinson na Michelin, walileta mfumo wa UST: tairi na ringi zinazozibana zenyewe bila tyubu. Mwaka huo huo kampuni ya WTB ilitoa Nanoraptor, tairi ya kwanza halisi ya milimani ya inchi 29. Baadaye ikaja desturi ya kumimina ndani ya tairi maji ya kuziba matundu, ambayo kwa kawaida yana utomvu wa mpira. Tundu likitokea, utomvu unatoka na kuganda, kama unavyoganda kwenye gome la mti. Bila tyubu ya kubanwa, psi 22 ikawa jambo la kawaida. Apps alikuwa amefika karibu na hapo miaka 20 kabla, bila vifaa hivyo.

Breki za diski zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zikaiondoa ringi kwenye kazi ya kusimamisha. Ni wazo lile lile la Cleland kwa umbo jingine: breki ikae katikati ya gurudumu, mbali na tope.

Sasa twende dukani

Tukiisoma historia hii kutoka chini kwenda juu, ushauri unajipanga wenyewe.

*Tairi ya mbele kwanza.* Ya nyuma ikiteleza, mara nyingi unaweza kuirudisha. Ya mbele ikiteleza, uko chini kabla hujajua. Kwa hiyo mbele weka raba laini, pana, karibu inchi 2.4 au 2.5, yenye kashata nene. Nyuma, ambako uzito ni mwingi na raba huisha haraka, weka ngumu kidogo. Kama pesa inatosha tairi moja nzuri tu, iende mbele.

*Kuta nene.* Ukingo wa jiwe hukata tairi ubavuni. Tairi nyepesi ni ya kujisifia kwenye mizani. Ya kuta nene ndiyo itakayokurudisha nyumbani, tena inakuruhusu upepo mdogo bila kuyumba.

*Nunua kipimo cha upepo.* Kwa mtu wa kilo 70 hadi 80, tairi pana bila tyubu, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Shusha moja moja mpaka uanze kuhisi ringi ikigonga jiwe, halafu pandisha mbili. Kama bado una tyubu, ongeza tano hivi. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha 22 na 27. Jiwe lililolowa linaweza.

*Kisha baiskeli.* Breki za diski ni lazima. Tafuta nafasi ya kutosha kati ya tairi na fremu. Magurudumu ya 29 yanafaa wengi. Mtu mfupi anaweza kufurahia 27.5 zaidi.  Siku hizi pembe ya kichwa cha fremu ya karibu digrii 65 inaliweka gurudumu la mbele mbali zaidi mbele yako, na inasaidia sana kwenye miteremko. Fremu yenye springi mbele tu, ya alumini, ni chaguo la heshima kwenye nchi ya mvua, kwa kuwa kila ungio la nyuma lina bearingi, na kila bearingi ni mlango wa maji na mchanga.

Ukikuta baiskeli mbili, moja ya kaboni imefungwa tairi nyepesi na ngumu, nyingine ya alumini ya bei ya chini inayokuachia pesa ya tairi nzuri, na wewe unakwenda kwenye mawe ya mvua, chukua ya pili. Na kama baiskeli unayo tayari, usinunue kitu bado. Toa upepo kidogo, rudi kwenye lile jiwe lililokuangusha, ulijaribu polepole.